Kelele za Mkopo Kwenye Thika Road

Ijumaa usiku, kuanzia saa tatu hivi, ukisimama stegi ya Ruiru upande wa kwenda Thika utazisikia kabla hujaziona. Kwanza mngurumo mzito wa chini, kama mtu anayeviringisha pipa tupu kwenye lami. Kisha mluzi. Halafu dereva akiachilia mafuta, pa! pa! pa! kama risasi, na msee wa smokie anaruka kila wiki kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Hiyo ni Forester," mtu atasema bila kugeuka. "XT. Imefanyiwa kazi."

Wote tutatikisa kichwa kwa heshima. Hata mimi.

Wacha niseme mapema ninachotaka kusema, ndio wale wa kunitusi waanze mapema. Kijana wa Thika Road anayechukua gari la turbo kwa mkopo wa logibuku hajanunua gari. Amejiajiri kwa mkopeshaji, na gari ndiyo yunifomu. Na sisi wengine tunaosimama kando kumpigia makofi na kurekodi video tunafanya kazi ya kumuuza, tena bila kamisheni.

Najua jibu la kwanza. "Wewe ni hater." Nimelisikia. Nilikuwa nikiwajibu wengine hivyo hivyo. Kwa hivyo kabla hujafunga ukurasa huu, nikuambie kwamba mimi ninayapenda magari haya. Nimekaa kiti cha mbele saa nane usiku kutoka Kihunguro kwenda Juja, barabara tupu, na nikahisi mgongo ukibandikwa kwenye kiti turbo ilipoamka. Kitu hicho hakielezeki kwa mama yako. Ni kama mtu amekuinua kutoka kwenye maisha yako kwa sekunde nne. Ninapinga bei yake, na sizungumzii ile bei iliyoandikwa kwenye kioo kule yadi.

Wenye pesa wa miji ya bahari hununua boti za mwendo wa kasi zenye injini ya supachaja. Ruiru hakuna bahari. Tuna barabara. Thika Superhighway ilifunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012, kilomita kama 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na kizazi chetu kilikulia kando yake. Tulivuka lami ile kwenda shule huku tukikimbia, kabla ya madaraja mengi ya miguu kukamilika. Tunawajua waliogongwa. Halafu tukakua, tukapata kashilingi kidogo, na kitu cha kwanza tulichotaka ni kuwa upande wa pili wa kioo cha gari. Sioni ajabu hapo. Ukikulia ufukweni utataka boti.

Shida ni kwamba wengi wetu hatujui tunachonunua. Tunajua jina, tunajua sauti.

Injini inachoma petroli pamoja na hewa. Ukitaka nguvu zaidi kutoka injini ileile, lazima uisukumie hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe, kisha uongeze na mafuta. Kuna njia mbili za kawaida. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda uliofungwa kwenye injini yenyewe. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, yaani ile pumzi ya mwisho ya injini inarudishwa kazini kabla ya kuachwa iende. Shafti ndogo ndani ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu, ikiwa kidogo, au ikiwa ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda kando ya barabara, utando huo unakatika. Hapo turbo inaanza kulia, kisha inakula oili, kisha unaona moshi wa buluu nyuma yako na watu wa matatu wanakuonyesha kwa mkono.

Fundi wetu wa Ruiru, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye gereji yake ni mti na mabati matatu, huwa anasema wateja wa turbo ni wa aina mbili. Kuna wanaokuja kabla gari halijaharibika, na hao anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote huja wamevutwa kwa kamba.

Magari yenyewe yaliundwa Japani, kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa huko na kwa mwenyewe anayebadilisha oili kwa ratiba. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane. Kwa hivyo mmiliki wa kwanza ameendesha, amefurahi, na ameondoka. Sisi tunachukua miaka ile ambayo mkanda wa taimingi unakaribia kubadilishwa, mpira umekauka, na gasketi zimeanza kutoa jasho. Halafu wakala wa yadi anatuambia "bado ni mpya". Kisha mtu wa tatu na wa nne wananunua kutoka kwetu, na hao ndio wengi Thika Road. Mtu wa nne anarithi dhambi za watatu.

Hata ile sauti. Hapa naomba mshike moyo. Ule mngurumo wa Subaru ya zamani hautokani na nguvu. Unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, ndiyo moshi wa upande mmoja unafika kabla ya mwingine. Ni hivyo tu. Subaru wenyewe walipoleta injini mpya ya turbo kwenye Forester, walisawazisha mabomba na gari likatulia. Na vijana wetu wanafanya nini? Wanalipa fundi awarudishie mabomba yasiyolingana. Tunalipa pesa kurudisha kasoro, kwa sababu kasoro ndiyo inayosikika hadi gorofa ya tano.

Kuna wale watakaoniambia hii ni historia yetu. Kwamba Subaru na Kenya ni damu. Sawa, tuiongee historia.

Mwaka 1993 Subaru walileta Safari Rally vigari vitatu vidogo vinavyoitwa Vivio. Injini yake haifiki hata sisi 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi za matajiri, lakini ilikuwa na supachaja. Kimoja aliendesha Colin McRae, kijana wa Scotland ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Kingine aliendesha Mkenya, Patrick Njiru. McRae alikwenda kwa kasi ya kutisha, na gari halikumaliza mbio. Njiru alijua barabara ile, alijua kigari kile kinaweza nini na hakiwezi nini. Alimaliza nafasi ya 12 kwa jumla na kushinda daraja lake. Kwa injini ya sisi 660! Miaka minne baadaye, 1997, McRae alirudi na Impreza na kushinda Safari. Huyo ndiye tunayemweka kwenye stika za kioo cha nyuma.

Mimi nauliza, stika ya Njiru iko wapi? Nimetembea gereji za Ruiru, Juja na Makongeni, sijaiona hata moja. Tulichukua kutoka historia ile kelele na rangi ya buluu na dhahabu. Tukaacha somo lenyewe, ambalo lilikuwa la mtu wetu: ijue mashine yako, ijue barabara yako, maliza safari. Kama ni damu basi, nusu ya damu tumeimwaga.

Sasa hesabu. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana duka la simu Ruiru. Alikuwa na miaka 27. Mwezi mzuri alikuwa akibaki na elfu 70 mkononi, mwezi mbaya elfu 40. Aliona Forester ya turbo yadi, Sh1,150,000. Alikuwa na Sh350,000 zake. Tata akamtolea Sh200,000 kutoka sacco yake ya walimu, kwa sababu kijana alisema gari litamsaidia kubeba mzigo wa duka. Mzigo wa duka la simu unaenea kwenye mkoba wa mgongoni, lakini mama ni mama. Zilizobaki, Sh600,000, yadi ikamwelekeza kwa mkopeshaji. Sitamtaja. Wako wengi na karatasi zao zinafanana.

Riba ilikuwa "asilimia 4 tu". Hilo neno "tu" ndilo lililouza. Asilimia 4 kwa mwezi, na inapigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, si juu ya kilichobaki. Kwa miezi 24. Fanya hesabu nami. Asilimia 4 ya Sh600,000 ni Sh24,000 kila mwezi. Ongeza kurudisha mkopo wenyewe, Sh25,000. Jumla Sh49,000 kila mwezi kwa miaka miwili, yaani Sh1,176,000 kwa kukopa laki sita. Benki ikikwambia asilimia 4 kwa mwaka ungeruka kwa furaha. Hii ni kwa mwezi, na imeandikwa kwa herufi zile za kusoma na tochi.

Bado. Bima kubwa ni lazima, kwa sababu gari si lako, kama Sh52,000 kwa mwaka. Vifaa viwili vya kufuatilia gari, vimefichwa mahali hata wewe hujui, na unavilipia wewe. Na petroli. Oktoba 2023 lita moja ya super ilipita Sh217 Nairobi. Gari lile kwenye msongamano lilikuwa likienda kilomita 8 kwa lita. Kwenda mjini na kurudi Ruiru ni kama kilomita 50, zaidi ya lita 6. Hiyo ni zaidi ya Sh1,300 kwa safari ambayo matatu ingekufanyia kwa mia mbili, tena na muziki bora.

Mwezi wa tano turbo ilianza kulia. Sh85,000, ya mtumba. Mwezi wa tisa alianza kuchelewa kulipa. Faini. Mwezi wa kumi na mbili alinipigia.

Hapa lazima nijiseme. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa na sikufeli. Ada ilinishinda, na niliapa nitarudi. Kwa mwaka mmoja na nusu niliandika kila kitu mtu yeyote alitaka kulipia: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, hata risala za mazishi. Nilikuwa nimeweka Sh68,000, ile salio niliyokuwa nikidaiwa. Muhula ulikuwa unafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Kijana," akaniambia, "wiki mbili tu. Wakichukua gari nimekwisha."

Nilimtumia zote. Sh49,000 ya awamu ya kumi na tatu na Sh19,000 za faini. Na ukweli ni huu, na ndio unaonifanya niandike: sikumpa kwa sababu ya undugu peke yake. Nilimpa kwa sababu na mimi nilitaka lile gari libaki. Nilitaka kuonekana nikishuka kwenye mlango ule. Niliweka shahada yangu kwenye turbo ya mtu mwingine, na nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu.

Walikuja mwezi wa kumi na nne, Jumanne usiku, Juja, kwenye pakingi ya nyumba za kupanga. Gari lilizimwa kwa mbali kabla hawajafika, ndiyo maana asingeweza hata kulisogeza. Watu wanne, karatasi moja, na breakidauni. Binamu alishuka na slipa. Majirani walewale waliokuwa wakiomba lifti walikuwa kwenye baraza na simu juu, wanarekodi. Hakuna aliyecheka, ninawapa hiyo. Lakini hakuna aliyeshusha simu.

Angalia sasa. Kufikia usiku ule alikuwa amelipa awamu 13, jumla Sh637,000. Alikopa Sh600,000. Yaani alikuwa ameshawarudishia pesa zao zote na zaidi, na bado walichukua gari, na karatasi inasema walikuwa na haki. Likauzwa mnadani Sh620,000. Wakatoa deni lililobaki pamoja na riba ya miezi ambayo haikuwa imefika, faini, gharama ya kuvuta, gharama ya kuweka, gharama ya dalali. Wakamtumia kilichobaki kwa M-Pesa. Sh11,200.

Ukijumlisha amana, awamu, bima na turbo, kijana huyu aliweka zaidi ya Sh1,300,000 bila kuhesabu petroli, akaendesha gari miezi 14, akatoka na 11,200. Tata bado anakatwa kwenye sacco. Mimi sijarudi chuo.

Kwa hivyo mtu akiniambia "ni pesa yake, afanye anavyotaka", namwambia hapana, haikuwa yake. Ilikuwa ya tata. Ilikuwa yangu. Mkopo wa gari Kenya haukopwi na mtu mmoja. Unakopwa na ukoo, ila anayepigwa picha ni mmoja.

Tunapenda kulaumu vijana kwa ujinga, na wazee wa mitandaoni wana hotuba yao tayari: "Badala ya Subaru angenunua ploti." Nao nawakataa. Ruiru nzima imejaa ploti za 50 kwa 100 zilizonunuliwa kwa awamu na watu ambao hawajawahi kuona hati miliki, wanaonyeshwa jiwe la mpaka kila Jumamosi na dalali tofauti. Injili ya ploti na injili ya turbo ni mahubiri yaleyale, saini hapa na uwe mtu. Mzee aliyefungwa na ploti hewa hana jiwe la kumtupia kijana aliyefungwa na Forester.

Wa kutupiwa jiwe ni mwingine. Tangu 2017 tuna sheria inayomruhusu mkopeshaji kuandikisha haki yake juu ya mali inayohamishika, gari likiwemo. Sawa, ni sheria nzuri, ilikusudiwa mama wa duka apate mkopo kwa friji yake. Upande wa pili, Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishindwa kulipika, riba ambayo benki inaweza kudai kuanzia hapo isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku uliposhindwa. Lakini iliandikiwa benki. Na binamu yangu hakukopa benki. Benki ilimwangalia, ikaona duka la simu, ikamwambia asubiri. Mkopeshaji wa logibuku alimpa pesa kwa saa sita. Kasi, unaona? Hata mkopo una turbo siku hizi. Mwaka 2021 bunge liliipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, baada ya watu kupigiwa simu hadi kwa pasta wao. Nataka meno hayohayo yawaume kweli wa logibuku. Nataka jumla ya kulipwa iandikwe juu kabisa ya karatasi, kwa namba kubwa kama ile ya bei kwenye kioo: UTALIPA Sh1,176,000. Nani angesaini haraka hivyo?

Na wa pili wa kutupiwa jiwe ni sisi mashabiki. Sisi wa "manze, ona hiyo chuma". Hakuna mtu anayechukua mkopo wa elfu 49 kwa mwezi ili aende kazini. Anachukua ili sisi tugeuke. Tukiacha kugeuka, nusu ya biashara hii inakufa.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hatulisemi. Baada ya Juni 2024, mlio wa Subaru usiku ulibadilika maana kwa watu wengi wa rika letu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na mwisho wa mwaka ule, na mara nyingi mashahidi walipoeleza gari, walisema Subaru. Haina nambari, au nambari si yake. Ninamjua mtu ambaye hadi leo akisikia mngurumo ule chini ya dirisha saa saba usiku anazima taa. Wewe uko kwenye usukani unajisikia mfalme, unapasua ekzosi katikati ya mtaa wa watu waliolala. Hujui nani amekaa gizani sakafuni anasubiri upite. Hiyo nayo ni sehemu ya bei, na wewe huilipi.

Nitaulizwa, basi tufanye nini na haya mapenzi? Kwa sababu mapenzi yapo, na sitaki kudanganya kwamba yataisha tukinunua Vitz.

Thika kuna kiwanda cha kuunganisha magari, Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya sabini kikiitwa Leyland. Polo Vivo za Volkswagen zilianza kuunganishwa pale Desemba 2016. Mobius, lile gari lililotakiwa kuwa gari letu, liliunganishwa pale kabla kampuni kutangaza kufunga mwaka 2024. Mwaka huohuo mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kuunganishwa palepale. Yaani mji wetu wenyewe unaunda vitu vinavyotembea barabarani. Lakini uliza vijana kumi Makongeni kiwanda kile kinafanya nini, saba watakuambia "si ni godown tu". Waulize Forester ina nguvu farasi ngapi, wote kumi watajibu kabla hujamaliza swali.

Sisemi kiwanda kina kazi ya kila mtu. Hakina. Mobius imetufundisha kwamba hata ndoto yenye kiwanda inaweza kufunga mlango. Ninachosema ni kwamba kupenda injini na kununua injini ni vitu viwili, na kuna watu wamepata faida kubwa kwa kutufanya tudhani ni kimoja. Yule fundi chini ya mti amefungua turbo nyingi kuliko sisi sote. Hajawahi kumiliki gari lenye turbo. Anakuja kazini na baiskeli, na akiweka bisibisi sikioni na ncha kwenye injini, anakuambia ugonjwa. Huyo ndiye anayemiliki hizo mashine, kama kumiliki kuna maana yoyote.

Kama una pesa yako, imekaa, haina mama wa mtu ndani yake, na unaweza kulitunza gari hata duka likifungwa miezi sita, nenda kachukue turbo yako. Badilisha oili mapema. Iache injini ipumue dakika moja kabla ya kuzima. Tafuta mashindano halali, mpige barabara ya vumbi mkiwa na kofia ngumu na ambulensi. Rudi nyumbani kimya. Mimi nitakuja kukushangilia.

Lakini kama unapanga kwenda yadi Jumamosi hii na unasoma hapa ukiwa kwenye matatu, omba ile karatasi Ijumaa. Waambie unataka kuisoma nyumbani. Wakikataa, umeshapata jibu. Wakikubali, chukua kalamu na uzidishe awamu kwa miezi, usisome asilimia. Kisha ongeza bima, vifaa vya kufuatilia, na turbo moja ya mtumba, kwa sababu itakufa. Ile namba ya chini kabisa, msomee mama yako kwa sauti, mezani, kabla hujaomba chochote kutoka sacco yake. Ukishindwa kuisoma kwa sauti, usisaini.

Binamu yangu siku hizi anaendesha Vitz ya mtu, kazi ya teksi, kutoka Ruiru hadi uwanja wa ndege. Ananilipa elfu mbili kila mwezi bila kukosa. Zimebaki elfu 40. Juzi tulikuwa tumesimama stegi, saa tatu usiku, tukaisikia ikija kutoka upande wa Githurai, mngurumo, mluzi, pa! pa! pa! Msee wa smokie akaruka.

Binamu hakugeuka. Mimi niligeuka.